Kabla hujasema mtandao umemkomboa mwanamke wa Kigoma, uliza kwanza laini imesajiliwa kwa jina la nani

Dada Wakala (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu, shikamooni mnaostahili. Mi ni wakala wa miamala upande wa Kibirizi hapa Kigoma mjini, kona sitaji maana wateja wangu wengine wamo humu humu.

Juzi kina mama wa huku mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, waliitwa semina, wageni wamekuja na fulana zao na projekta, mada ni mtandao na mwanamke mjasiriamali. Wakaelezwa soko lipo kiganjani, piga picha bidhaa yako, dunia nzima inakuona, vigelegele vikapigwa, soda zikanywewa. Ikaja posho, na posho siku hizi haitolewi mkononi inatumwa kwa simu. Sasa hapo ndo utamu ulipo. Wamekuja mezani kwangu kutoa, mama wa kwanza ananipa kitochi chake kimefungwa raba bendi ananiambia mwanangu niangalizie kama imeingia, naangalia hamna kitu, namuuliza mama namba uliyoandika kwenye karatasi ni ipi, ananitajia, ni ya mume wake. Mume yuko Uvinza. Akapigiwa, akasema imeingia na keshaitoa, atampa akirudi. Wa pili namba ya mwanae wa kiume. Wa tatu ya shemeji. Mpaka nafunga kibanda jioni nadhani nusu ya wale kina mama semina ya kujikomboa waliisoma wao, hela ikaingia kwa wanaume.

Msije mkasema ni ujinga wa kina mama. Mnakumbuka Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, na huwezi kusajili bila kitambulisho cha taifa au angalau namba yake. Sisi ni watu wa mpakani, Burundi hiyo hapo, Kongo ng'ambo ya ziwa, mtu akienda kuomba namba ya NIDA anaulizwa baba kazaliwa wapi, babu je, bibi mzaa mama je, leta cheti, leta barua ya mtendaji, rudi wiki ijayo. Mwanaume anafuatilia, ana muda wa kushinda mjini. Mama ana mtoto mgongoni na dagaa juani na mvua ikija hamna wa kumuanulia. Basi mume anasajili laini mbili moja anampa mkewe, na wote wanaona sawa tu ni mume na mke, mpaka siku wakivurugana. Jamaa anaenda kurinyuu laini, anaweka kidole chake, anapewa kadi mpya, ile ya mama inakata mtandao palepale. Kwa hiyo namba wateja waliyoizoea imeondoka, salio limeondoka, WhatsApp imeondoka na kikoba cha kwenye simu nacho. Na kwa makaratasi jamaa hajaiba kitu, laini ni yake.

Sipingi mtandao wakuu. Nina mteja hapa kaanza na beseni moja la dagaa, akapata simu ya kupangusa ya mtumba, kila asubuhi dagaa wakishaanikwa kwenye chanja anapiga picha anaweka stetasi, anachukua konzi kabisa mkononi anaisogeza karibu uone hawana mchanga. Wateja wake wako Dar, Dodoma, Morogoro. Anafunga gunia anapakia basi, hela inaingia kabla basi halijafika Kasulu. Huyo mtandao umemsaidia na mtu akibisha namletea hapa. Ila ana namba ya NIDA, laini ni yake, na ule mtaji wa kwanza aliachiwa na mama yake. Hivyo vitatu alikuwa navyo kabla ya bando.

Wenzie wasio navyo wanafanyaje? Anakuja kijana wa kiume na simu nzuri, anapiga picha dagaa wa mama, anawaweka kwenye ukurasa wake kama wake, anapata oda, anarudi kwa mama anamlipa bei ya mwaloni halafu cha juu anatia mfukoni. Dalali wa zamani alikuwa anakaa chini ya mwembe, huyu wa sasa anakaa na chaja. Nataka kusikia wenzangu mnaonaje, hasa mlio mikoani.

Mzee wa Migebuka

Mleta mada unalalamika bure. Simu wanazo tele tena nzuri kuliko zetu, tatizo wakishaweka bando ni TikTok na umbea wa wasanii mpaka linaisha, jioni anakuomba tena la elfu moja. Mtandao upo, akili ya kuutumia ndo hamna.

Mke wa Baharia

Mzee wa Migebuka shikamoo baba angu. Nyie mnaochana mikeka ya kubeti kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili mbona hatujaambiwa mna tatizo la akili? Mwanaume akipoteza laki kwenye mechi za Uingereza anaitwa mpambanaji, mwanamke akiangalia video ya kusuka anaitwa mpoteza bando. Na kwa taarifa yako hiyo video ya kusuka ndo mdogo wangu kajifunzia, saizi ana saluni Mwanga.

Kijana wa Gungu

Natia nanga hapa.

Msomi Asiye na Ajira

Uzi mzuri, ngoja niongeze nyama kidogo. GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, kwenye ripoti yao ya 2024 walisema Afrika kusini ya Sahara mwanamke ana uwezekano mdogo kwa asilimia 32 kuliko mwanaume wa kutumia intaneti ya simu. Kwa hiyo anachokiona dada pale kibandani sio cha Kibirizi peke yake.

Lakini pia tusiwe wachungu kupitiliza. Kuna utafiti wa Kenya wa Tavneet Suri na William Jack uliotoka 2016, waliangalia M-Pesa tangu ilipoanza kule 2007, wakakadiria kaya kama 194,000 zimetoka kwenye umaskini uliokithiri, na wanawake kama 185,000 wameacha kutegemea kilimo wakaingia kwenye biashara. Waliona faida ni kubwa zaidi kwenye kaya zinazoongozwa na mwanamke. Na angalieni hiyo sio intaneti, ni kitochi na nyota na reli. Mwanamke kuweza kushika hela yake mwenyewe bila mtu wa tatu kuigusa, basi.

Ya pili inawahusu kabisa watu wa mwaloni. Huko Kerala India jamaa mmoja anaitwa Robert Jensen aliangalia wavuvi wa samaki wanaofanana na dagaa kuanzia 1997 mpaka 2001, minara ya simu ilivyowafikia. Kabla ya simu mwalo huu samaki wanamwagwa kwa kukosa mnunuzi, mwalo wa jirani wanunuzi wamekosa samaki. Simu zilipoingia wakawa wanapiga wakiwa bado majini wanauliza bei, faida ya wavuvi ikapanda asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4. Kwa hiyo taarifa ni hela.

Dada Wakala

Msomi asante sana, hiyo ya Kenya naikubali mia kwa mia, naiona kila siku mezani. Mama akiwa na hela kwenye simu mtu akija kuomba anasema sina na hamna wa kumpekua kwenye pindo la kanga.

Ila ya Kerala ngoja nikupeleke huku kwetu. Mtumbwi ni wa nani? Nyavu na taa na injini ni za nani? Mwanaume, tena mwenye mtaji wake. Wavuvi wanaingia ziwani usiku wa giza, alfajiri wanarudi, mwanamke anawasubiri na beseni ananunua, anaanika, anauza. Zamani mvuvi akifika ufukweni hajui Katonga wanauzaje, hajui Ujiji, anauza kwa bei ya hapohapo. Siku hizi kabla hajagusa nchi keshapiga simu pande zote anajua bei, na mama analipa zaidi. Hiyo asilimia ya mvuvi imetoka kwa mtu, na huku kwetu mtu huyo ni mwanamke mwenye beseni. Simwonei wivu mvuvi, ni haki yake, ila msije mkasema taarifa ni hela bila kusema kwa nani.

Halafu kuna siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haiingii, taa hazivuti dagaa. Bando lipo, wateja wapo, stetasi ipo, dagaa hamna. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kitu kizuri sisemi kibaya, ila nani alikula hiyo miezi mitatu? Aliyekuwa na mtaji akajaza ghala mapema halafu akauza kwa bei aliyoitaka. Huyo mtandao ulimsaidia kweli kweli. Mwenye beseni moja alishinda anaangalia oda zinaingia anajibu "samahani dada hatuna".

Bint Isevya

Mwangaluka wote, niko Tabora mjini nauza asali, nachukua Sikonge na Kaliua. Dada Wakala umeongea kitu nimekuwa nakifikiria muda mrefu ila sikuwa na pa kukisemea.

Watu wakiniona mtandaoni wanasema eti dada WhatsApp na Instagram zimekutoa. Mi kilichonitoa ni mzinga. Wanaojua kazi ya nyuki huku kwetu wanaelewa, mzinga wa magome au wa gogo unatundikwa juu kabisa ya mti, unapandwa usiku kwa kamba na moshi, halafu ni porini huko ndani mnakaa kambi. Mwanamke alikuwa haendi, na akitaka kwenda anaambiwa huo ni mwiko. Ilipokuja mizinga ya kisasa ya mbao, ya masanduku, unaitundika chini kiasi cha kiuno, unaweza kuiweka hata karibu na shamba, hapo kina mama wakaanza kuwa na mizinga yao wenyewe na asali yao wenyewe, hawasubiri mume alete debe. Ndo baada ya hapo simu ikapata cha kuuza. Ingetangulia simu ningekuwa natangaza asali ya mume wangu.

Changamoto ya mtandao kwa asali ni kuaminika. Asali inaonjwa bana, mtu wa Dar ananionjaje kwenye picha? Kila mtu sa hivi ana chupa kaandika asali ya Tabora, ndani kuna sukari ya kuchemsha. Mteja akishatapeliwa mara moja anatuweka wote kapu moja. Nimejirekodi video nakamua sega zima mpaka linaisha, mtu anakuja kukomenti "hiyo ni editi". Kilichonisaidia ni karatasi sio video, nilipita SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha TBS, shirika la viwango, nikapata nembo, na kufuatilia karatasi hizo ni kusafiri na kusubiri, sio kubofya.

Mzee wa Migebuka

Hilo la mzinga nakubali, umesema kweli binti. Ila huyu wakala nina swali nae, wewe unashika simu za wateja unajua nani katumiwa nini na mume wake, halafu unakuja kuanika hapa. Kazi ya wakala ni siri.

Dada Wakala

Mzee nimetaja jina la nani? Siri ninazozijua mi nikizianika Kigoma haitalalika. Na tatizo unalosema lipo kweli, ila liangalie kwa upande huu, mama haoni vizuri au hajui kusoma, anakuja ananitajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Nikimwambia mama bonyeza mwenyewe ananiambia we si mwanangu. Mi namgeuzia mgongo nampa simu namsubiri hata dakika kumi abonyeze. Sio kila kibanda wanafanya hivyo. Mwenye roho mbaya anamaliza kila kitu hapo, na yule mama hatajua mpaka aje kuuliza salio. Kwa hiyo tunaposema mwanamke ana akaunti kwenye simu tuulize pia nani anamsomea.

Mhazini wa Katonga

Mada ya kikoba imeguswa kidogo hapo juu nami nina la kusema maana natunza hesabu za kikundi.

Kuweka na kukopa kwa mtindo huu kulianzia Niger 1991, CARE wakifanya kazi na wanawake wa vijijini, ndo kukasambaa Afrika nzima mpaka kwetu. Msingi wake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Halifunguki mpaka wote mmekaa, hela inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anakumbuka salio kichwani. Mwenye kusoma na asiyejua kusoma wanajua kitu kilekile.

2019 ikaja M-Koba, kikundi kwenye simu, viongozi wanaidhinisha kwa pamoja na kila mwanachama anapata meseji hela ikiingia au ikitoka. Faida zipo nyingi, sanduku linaibiwa, mtu anakimbia nalo, nyumba inaungua, na mwanachama akihamia Mpanda anaendelea kuchangia. Sisi tuliingia. Ila kuna kitu kilitokea hatukukitegemea, watu wakaacha kuja mkutanoni. Si nimeshatuma? Nije kufanya nini? Mkutano ndo ulikuwa mahali pa kujua fulani ana mgonjwa, fulani mume kamfukuza, fulani mkopo umemlemea tumuongezee muda. Na ndo mahali wale wasiosema nyumbani kwao walijifunza kusimama na kusema "mi sikubaliani na hiyo faini". Kwenye grupu la WhatsApp wanaandika watatu walewale wenye bando, wengine wanasoma tu au hawasomi. Tumerudisha mkutano, hela inabaki kwenye simu, watu wanakuja na miguu yao, asiyekuja anatozwa faini, na faini tunatoza keshi ili aone uchungu 😂

Nimeponea Chupuchupu

Mbona hamsemi mikopo ya mtandaoni? Hiyo ndo imemaliza kina dada. Unapakua apu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako, we unabonyeza kubali kubali kubali maana unataka hela ya kununua mzigo. Inaingia pungufu, makato yamekatwa kabla, siku chache unadaiwa zaidi ya uliyopokea. Ukichelewa wanatuma meseji kwa watu wako wote, kwa mkwe, kwa shehe, kwa mwalimu wa mtoto, fulani ni tapeli na picha yako wameweka. Mwanaume akifanyiwa hivyo wanacheka yanaisha, mwanamke anaulizwa hela alikuwa anampelekea nani.

Benki Kuu (BoT) Novemba 2024 walitoa orodha ya apu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Na sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022. Ila mtu wa Kakonko anaanzia wapi kushtaki apu? Ofisi yake haina mlango.

Mke wa Baharia

Na hizo asilimia nne za mapato ya halmashauri je, mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake? Si ilisimamishwa 2023 ikarudi baadaye, sa hivi maombi yanajazwa kwenye mfumo. Kikundi chetu hamna anayejua kujaza, tumemlipa kijana wa stesheneri, kakosea jina la kikundi herufi moja.

Mhazini wa Katonga

😂😂 poleni jamani, sisi tulienda kwa afisa maendeleo wa kata akatukalia chini tukajaza nae bure. Mtafuteni wenu, msilipe mtu.

Msomi Asiye na Ajira

Kwa kumbukumbu tu, mkutano mkubwa wa wanawake Beijing 1995 katibu mkuu wake alikuwa mama yetu Gertrude Mongella wa Ukerewe, na azimio lao lilikuwa na kipengele kizima cha wanawake na vyombo vya habari na teknolojia za mawasiliano. Wakati ule simu ya mkononi Kigoma hamna. Walichodai ni mwanamke kuwa na sauti kwenye maamuzi ya hivyo vyombo, sio kupewa tu kifaa. Siku ya wanawake ya 2023 dunia nzima kaulimbiu ikawa teknolojia, na huku kwetu sherehe zikawa za vitenge na kupiga picha.

Dada Wakala

Msomi hapo kwenye maamuzi ndo penyewe. Kuna kitu kingine hakisemwi, mtandao wenyewe ni wa kupewa na kunyang'anywa. 15 Julai 2021 ikaanza tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kila unapotuma au kutoa, meza yangu ikapoa, watu wakarudi kumpa hela kondakta wa basi. Wakapunguza asilimia 30 mwaka huohuo na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa, ila wapo waliojifunza kutuamini ikabidi waanze upya. Mei 2024 nyaya za baharini zikakatika, wenye oda za WhatsApp wakakaa, wenye kitochi wakaendelea na nyota na reli zao. Ndo maana nikisikia mtu anamwambia mama achana na kitochi nasema taratibu.

Kwa walioniuliza inboksi, kujua laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA piga *106#, inafanya kazi hata kwenye kitochi. Ukiona namba usiyoijua nenda kwa mtandao husika wakaiondoe. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zisambaze kwenda 15040. Na wauza dagaa mnisikie, mteja akikutumia picha ya meseji kwamba kalipa usipakie gunia, angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Baba Kijacho

Dada Wakala mi msomaji wa kimya kimya, leo imebidi nijiunge. Niko Kasulu, mke wangu anauza mawese, nimepata kihela kidogo. Nimnunulie simu ya kupangusa au nimwongezee madumu?

Bint Isevya

Madumu kaka. Simu utamnunulia mwakani kwa faida yake, tena atainunua mwenyewe.

Mzee wa Migebuka

Mnunulie simu, madumu atakopa.

Dada Wakala

Kaka Baba Kijacho kwanza hongera kwa kuuliza. Mawese bei yake inapanda na kushuka sana kwa msimu, akiwa na madumu ya kutosha ananunua wakati yamejaa sokoni anaweka, yakiadimika anauza. Hapo simu ndo itamfaa, maana atakuwa na mzigo wa kusubiri bei nzuri. Kwa hiyo madumu kwanza, ila kabla ya yote mpeleke akafuatilie namba yake ya NIDA, we baki na watoto siku hiyo, laini isajiliwe kwa vidole vyake. Na namba ya siri aweke mwenyewe, usimuulize.

Baba Kijacho

Madumu nimeelewa, NIDA nitampeleka Jumatatu, watoto nitabaki nao. Hilo la namba ya siri naomba nikaongee nae kwanza nyumbani.